Siku Nilipoyatafsiri Maneno ya Bibi kwa Haya

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Siku hiyo nilikuwa mkalimani baina ya bibi yangu na mwandishi mkubwa, na nikaharibu.

Mwandishi mwenyewe tulimwita Madamu Odili. Alikuja Nizwa, huku Omani, kumtembelea binti yake, aliyekuwa akifundisha nami chuoni. Alikuwa Mkadia. Wakadia ni watu wa Kanada wenye asili ya Ufaransa. Zamani Waingereza waliwafukuza pwani kwao wakatawanyika, kisha wengine wakarudi kidogo kidogo na Kifaransa chao cha kizamani, ambacho waliosoma walikicheka.

Nilimchukua kwa gari kwenda Ibra, maana alitaka kumwona Bibi, aliyeishi huko, na njiani akanihadithia maisha yake. Mama yake alikuwa akipasua samaki kwenye kiwanda cha mikebe. Yeye alifanya kazi posta, na kila alfajiri kabla ya kazi aliandika. Mchezo wake wa kwanza wa kuigiza aliuandika kwa Kifaransa safi cha vitabuni. Wanawake wa kiwandani walikuja kuutazama, wakakaa kimya mpaka mwisho, na mama yake akamwuliza, "Hao watu ni nani?" Madamu akauchoma. Akaandika mwingine kwa maneno ya mama yake, na matusi yake, ukumbi mzima ukacheka na kulia. Tangu hapo riwaya zake na michezo yake ikajaza kabati, yote kwa lugha ya jikoni kwao, ikasomwa mpaka Paris. Mimi nimeshika usukani, nimepigwa na butwaa. Mtu wa namna ile sikuwahi kukutana naye.

Ungedhani nimesikia. Wapi!

Bibi alihamia Ibra kutoka Unguja akiwa mtu mzima, kwa jamaa za mumewe. Tulipokwisha kunywa kahawa, Madamu akamwuliza siku yake ya kwanza hapa ilikuwaje. Bibi akajiweka sawa.

"Mie nlikuja na sanduku moja. Mawifi wakalifungua, wallahi, wakakuta mbuzi ya kukunia nazi! Wakaniuliza, nazi ziko wapi? Huku tende tupu! Nikaikalia mbuzi yangu uani, nikalia mpaka matako yakafa ganzi. Kunyanyuka siwezi, wakanivuta watu wawili!"

Mama na mashangazi walicheka mpaka wakashikana. Na mimi, mwalimu wa chuo na abaya yangu mpya, nikamgeukia mgeni nikasema kwa Kiingereza, "Bibi anamshukuru Mungu alifika salama, na jamaa walimpokea vizuri."

Madamu akanitazama. "Wote hawa wanacheka hilo?"

Nikajitia kutengeneza abaya yangu.

"Mimi nilichoma mchezo mzima kwa kosa hilo," akasema, bila hasira. "Anza upya."

Bibi alikuwa ananitazama usoni. Kiingereza hakijui, lakini mjukuu wake anamjua. "Umemwambia nini? Umenionea haya, mwanangu?"

Mpaka leo sijapata kuulizwa swali lililoniuma kama lile. Nililia. Bibi akanipiga kofi dogo gotini: "Khalas, usilie. Mwambie yote, na matako uyaseme."

Nikayasema yote. Madamu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza jambo ambalo sisi nyumbani hatukuwahi kuuliza: alikuwa analilia nazi?

Bibi akajibu, "Nikimlilia mamangu. Yeye ndo alonipa ile mbuzi, siku ya kuondoka. Tena sikumwona."

Miaka ishirini na mitatu nimelelewa na yule bibi, mwanangu, na sikujua. Ilibidi aje mtu kutoka upande wa pili wa dunia, aliyeijua thamani ya maneno ya mama, ndipo nisikie. Nilishikwa na hofu na mapenzi kwa pamoja, nikawatazama wale wazee wawili.

Basi nakuasa. Ukichukua maneno ya mkubwa wako kumpelekea mtu, yachukue yote, usichague yanayokupendezesha wewe. Na usingoje mgeni aje kumwuliza bibi yako alilia nini. Muulize wewe, leo, angali anajibu.

Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usioona haya, na akubakishie wazee wako mpaka uwasikie. Amin.