Kanda Tuliyoikausha Walthamstow

Jina la bendi yenyewe siliandiki hapa. Si siri. Ni tusi, na mama yangu yuko Voi, ana miwani mipya na anasoma kila ninachoandika. Itoshe kusema kwamba vijana wanne wa mji mmoja wa viwanda huko Marekani walikaa kitako, wakatafuta neno ambalo hakuna mtangazaji wa redio angethubutu kulitamka, wakalipata. Kwa hiyo hakuna redio iliyowapiga. Baadaye wakalalamika kwamba hawapigwi redioni.

Niliwajua kupitia mpiga besi wao, ambaye nilikuwa nikimhudumia nyumbani kwake Walthamstow. Kazi yangu hapa London ndiyo hiyo: kuwaamsha wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa na chai, kisha kuandika kwenye simu ya ajensi kwamba wamekunywa. Huyu alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba kama mti wa ufagio, mapafu yamechoka, na mikono yote miwili imejaa michoro ya wino iliyochakaa kiasi kwamba mhudumu aliyenitangulia aliwahi kuripoti ofisini kuwa mgonjwa amevilia damu. Ofisi ikamtuma nesi. Nesi akakuta ni ndege.

"Alikuwa tai," aliniambia siku ya kwanza, akinyoosha mkono niupake mafuta. "Sasa ni kuku."

Nilimwita Mzee. Alinisikia nikimtaja hivyo kwenye simu, akauliza maana yake, nikamwambia ni heshima. Akasema ameitwa mengi maishani lakini hilo lilikuwa bado. Yeye aliniita Bosi, kwa sababu nilikuwa nikimlazimisha kuoga.

Bendi yao ilitoa santuri moja tu. Nyimbo saba upande mmoja, sita upande wa pili, na zote kumi na tatu zilikwisha kabla chungu cha maharagwe hakijaanza kuchemka. Mara ya kwanza aliponipigia santuri hiyo nilikuwa chooni nikisugua beseni, nikakimbilia jikoni nikidhani mashine ya kufulia imekufa. Mimi huimba alto kwenye kwaya ya Kiswahili kanisani, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kutoa maoni. Nilimwambia gitaa halikukazwa nyuzi vizuri. Akafurahi. Nikamwambia mwimbaji analia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Akafurahi zaidi. Ni vigumu sana kumkera mtu wa aina hiyo.

Nilipokuwa nikimchua miguu alinipa historia yote, kipande kwa kipande. Walipiga muziki kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, kwenye duka la kujifulia nguo, na mara moja kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, ambao waliwavumilia nyimbo mbili kisha wakazima umeme. Mpiga ngoma alikuwa na ngoma tatu, na moja ilikuwa debe. Mpiga gitaa alifariki zamani, kwa ajali ya pikipiki. Na mwimbaji, hapo sauti ya Mzee ilibadilika kila mara, mwimbaji aliwasaliti. Siku bendi ilipoanza kujulikana, mwimbaji alikata nywele, akavaa suti, akaenda kutafuta maisha ya ofisini. Hawakuzungumza tena.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi kiasi kwamba nilianza kumchukia yule mwimbaji, mtu nisiyemjua, niliyemsikia tu akibanwa na mlango.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa Mwingereza wa makamo, anayefundisha jiografia shuleni siku za kazi, na siku nyingine zote anaandika historia za bendi ambazo hakuna aliyeziomba. Alikuwa pia na lebo yake ndogo ya kutolea santuri za zamani upya. Alikaa kwenye kochi amebana magoti, akimtazama Mzee kama vile waumini wetu wanavyomtazama askofu. Alijua tarehe ambazo Mzee mwenyewe alikuwa amezisahau. Alijua rangi ya lile debe.

"Wapenzi wa bendi wanaamini kuna kanda ya mwisho," alisema. "Iliyorekodiwa siku mliyovunjika. Wanasema wimbo wa mwisho pale ndio wenye hasira kuliko wowote. Kuna anayesema ni kuhusu vita. Kuna anayesema ni kuhusu serikali."

"Ipo," Mzee akasema. "Bosi, inama uchungulie chini ya kitanda. Bati la biskuti."

Nilikuwa nimefagia kulizunguka bati lile kwa miezi minane nikidhani lina barua za mapenzi. Ndani mlikuwa na kanda kubwa ya gurudumu, imefungwa kwa mfuko wa mkate. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akavuta ncha yake kidogo, akakunja uso. Ilinata. Akatueleza kwamba kanda za miaka ile zina tatizo: gundi inayoshika ule unga wa kahawia juu ya plastiki hunyonya unyevu, na ukiicheza hivyo, sauti yote inabanduka na kubaki kwenye mashine kama masizi. Dawa yake ni kuipasha joto dogo saa nyingi mpaka ikauke. Yuko fundi anayefanya hivyo, tungeituma kwake.

"Haitoki humu ndani," Mzee akasema.

"Basi oveni yako?"

Nikamwambia mwalimu kwamba oveni ya Mzee ina hali mbili tu, baridi na Jehanamu. Kisha, sijui shetani gani alinisukuma, nikasema nina mashine ya kukaushia matunda.

Ninayo kweli. Niliinunua kwa sababu nilikuwa na hamu ya maembe makavu ya kwetu. Baadaye nikaijaribu kwa dagaa, jirani wa juu akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna mtu amefia humu. Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata niliipakata kwenye basi mpaka kwa Mzee. Mwalimu alikuwa amefika na msumeno mdogo, akaniomba ruhusa ya kukata katikati ya trei ili gurudumu lienee. Nikamruhusu. Nilizitazama trei zangu zikikatwa, nikaona afadhali nikafue.

Tuliiweka saa mbili asubuhi. Mwalimu alikuwa na kipimajoto, akikitazama kila dakika kumi kama anapima homa ya mtoto. Adhuhuri tukaigeuza. Kufikia hapo nyumba nzima ilikuwa inanuka samaki.

"Hiyo ni sisi?" Mzee akauliza.

"Ni dagaa, Mzee. Samahani."

"Usijali. Tulikuwa tukinuka vibaya zaidi."

Alasiri kanda ilikuwa imekauka na imepoa. Mwalimu alikuwa amekuja na mashine yake ya kuchezea, nzito kama friji, akaiunganisha na kompyuta ili irekodi papo hapo, kwani alisema hatujui itavumilia mara ngapi. Akabonyeza.

Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa kama zile za santuri, yaani vurugu. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mzee alikuwa anapiga besi ya hewani kwa vidole viwili juu ya blanketi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba vidole vile vilijua kazi. Kisha muziki ukakatika, lakini kanda ikaendelea. Tukasikia mtu akikohoa, kiti kikiburutwa. Halafu sauti ya kijana, laini, karibu ya aibu.

"Jumatatu naanza kazi kwa mjomba. Dukani."

"Duka gani?" mwingine akauliza. Nilimtambua, alikuwa mwimbaji.

"La mazulia."

Mtu akacheka, nadhani mpiga ngoma.

"Mazulia," mwimbaji akarudia.

"Kuna likizo yenye malipo. Na bima ya meno."

Kisha mwimbaji akasema, taratibu kabisa, "Haya. Tupige mmoja wa mwisho." Na wakaupiga.

Sitajifanya kwamba nauelewa muziki ule. Lakini wimbo huo ulinisimamisha nilipokuwa, na taulo mkononi. Haukuwa kuhusu vita wala serikali. Yule kijana alikuwa anapiga kelele kwa sababu rafiki yake anaondoka, na hakuna mtu aliyemfundisha namna nyingine ya kusema hivyo.

Kanda ikaisha, gurudumu likawa linazunguka tupu. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuhitaji kuuliza ile sauti laini ni ya nani. Sote tulijua kwamba Mzee, hata alipohamia London kumfuata mke, aliuza mazulia miaka thelathini.

"Izime," Mzee akasema. Pumzi ilikuwa imembana. Nikampa kipulizio chake, akavuta mara mbili.

"Nilikuwa nimesahau," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Sikusahau. Niliwaambia watu hivyo mara moja, kwenye baa, ikawa rahisi. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi."

Mwalimu akasema kwa upole kwamba si lazima maongezi yale yatolewe. Anaweza kuyakata, akabakiza nyimbo tu.

Mzee akanigeukia. "Bosi, wewe ni mtu wa kanisa. Unasemaje?"

Nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. Miezi minane nilimchukia mtu bure. "Kanisani kwetu nimesikia ushuhuda mwingi," nikamwambia. "Kila mtu anaeleza alivyookolewa. Ni nadra mtu kumtaja yule ambaye yeye mwenyewe alimkosea. Huyo mwimbaji yuko hai?"

"Yuko hai," mwalimu akajibu kwa niaba yake. "Nina namba yake."

"Basi, Mzee, kabla ya kuniuliza mimi, mpigie yeye."

Alibisha. Alisema huko Marekani watu bado wamelala. Mwalimu, Mungu ambariki, akasema huko ni saa nne asubuhi. Mzee akasema simu yake haina chaji. Nikampa yangu, nikaiweka kwenye spika kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri. Ikaita muda mrefu.

"Nani?" Sauti ya mzee mwenzake, nzito.

"Mimi. Mpiga besi."

Nikasikia kiti kikiburutwa, kama kwenye kanda.

"Yule wa mazulia?"

Mzee akafumba macho. "Kumbe unakumbuka."

"Nilikuwepo."

"Nimewaambia watu miaka yote hii kwamba ni wewe uliyetusaliti."

"Najua. Nimesoma kila mahali."

"Kwa nini hukukanusha?"

Yule mwimbaji akafikiri. "Mwanzoni nilikuwa na hasira na wewe. Baadaye nikaona heri nibaki msaliti. Msaliti ana heshima yake, watu wanamjia kugombana naye. Bendi kama ile kuvunjwa na zulia? Hiyo ningemweleza nani?"

Mwalimu alikuwa anaandika kwa kasi kwenye daftari. Nikamkazia macho, akaweka kalamu chini.

"Nisamehe," Mzee akasema. Neno hilo lilimtoka kwa shida zaidi kuliko pumzi.

"Ile likizo yenye malipo, ulipata?"

"Wiki mbili kila mwaka."

"Basi," mwimbaji akasema. "Angalau."

Waliongea saa nzima, wakabishana karibu juu ya kila kitu, pamoja na rangi ya debe. Mwimbaji, kumbe, hakuwahi kuvaa suti. Alikuwa fundi bomba maisha yake yote.

Santuri ilitoka miezi michache baadaye, na maongezi yote yamo. Mwimbaji ndiye aliyeshikilia yawemo. Wapenzi wa bendi hawakufurahi wote. Mmoja alimwandikia mwalimu kwamba kanda ni ya kughushi, kwa sababu bendi halisi isingewahi kutaja bima ya meno. Mwingine alikuwa amejichora maneno ya wimbo ule mgongoni, akauliza sasa afanye nini. Mzee akamtumia ujumbe kwamba asubiri, wino huchakaa.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, kwa yale mapafu. Kwenye nyumba ya kuchomea maiti tulipewa nusu saa, na hatukuwa wengi: binti yake, mwalimu, majirani wawili na mimi. Mwimbaji hakuweza kusafiri kwa sababu ya goti, akatuma salamu kwamba upigwe wimbo wa mwisho na mtu asiuombee radhi. Tatizo ni kwamba wimbo wenyewe haufiki hata dakika mbili. Ulipokwisha, tukabaki tumekaa tukitazamana, na muda mwingi uliolipiwa uko mbele yetu. Binti yake akasema turudie. Tukaurudia mara nne. Kufikia mara ya nne nilikuwa najua maneno, na niliyaimba kwa alto, isipokuwa lile moja ambalo mama yangu hataki nilijue.

Sasa namhudumia bibi mmoja wa Kihindi huko Stanmore, mzaliwa wa Kisumu. Anaongea nami Kiswahili cha jikoni cha miaka ya uhuru, kila sentensi ni amri. Juzi aliniambia lete chai, lete miwani, lete rimoti, kisha akaniuliza kama huko nilikokuwa zamani nilihudumia watu wa maana. Nikamwambia ndiyo, nilimhudumia muuza mazulia. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akaniambia marehemu mumewe pia alikuwa mfanyabiashara.