Bibi Harusi Aliyejipima Juani

Siku ya harusi yangu dada yangu mkubwa alinipaka uso ambao haukuwa wangu, na alijua anachofanya. Alikuwa na saluni yake, ya viti viwili na kioo kirefu. Aliniketisha nikiwa nimekipa kioo mgongo, akasema nitajiona akimaliza. Alipomaliza gari lilipiga honi, nikatolewa mbio. Poda aliyonipaka ilikuwa ya mteja wake mmoja mweupe, na mimi ni mweusi. Nilijiona kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha choo cha ukumbi, wageni wakiwa wamenitazama saa nzima. Uso ulikuwa kama umechovywa kwenye unga. Shingo ilikuwa yangu, mikono yangu. Kabla keki haijakatwa nilikuwa nimeshapewa jina: Kichwa cha Kuazima. Ni miaka ishirini na mitano sasa, na bado wapo watu sokoni wanaoniita hivyo wakidhani wananichangamsha.

Yeye alikuwa mkubwa na alikuwa bado hajaolewa. Sitaongeza neno hapo.

Ninayetaka kumsimulia ni binti yake, lakini huwezi kuelewa nilivyomshangaa binti huyo kama hujui nilikotoka mimi.

Dada aliolewa mwaka uliofuata, akapata mtoto mmoja tu, huyo. Picha yangu ya harusi aliitundika sebuleni kwake kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, akiwaambia wageni kwamba ndiyo kazi yake ya kwanza ya bibi harusi. Mtoto alipokuwa na miaka sita alipanda juu ya kochi na kalamu ya nta ya kahawia, akakipaka kioo cha picha ile, pale pale kwenye uso wangu, mpaka uso ukafanana na shingo. Mama yake alimchapa. Nilifika viboko havijaisha. Nilipouliza kosa, mtoto alininyooshea picha ukutani, akasema kwa kwikwi, "Nilikuwa namalizia."

Nilitoka nje nikasimama barazani. Sikujua kama nacheka au nalia.

Huyo ndiye aliyekua akaajiriwa kwenye duka la rangi za nyumba. Kazi yake ni kuchanganya. Mtu anakuja na kipande cha plasta mkononi, anasema anataka kama hiyo. Yeye anakichukua, anakipeleka mlangoni penye jua, anarudi, anaweka tone moja jeusi, mawili ya manjano, anakoroga, anapaka kwenye kadi, anangoja ikauke. Mafundi wenye mvi wanapanga foleni kwake hata kama wenzake wamekaa bure. Wanamwita Jicho, nami nitamwita hivyo hivyo.

Alipochumbiwa na kijana mpiga plasta, mpole, asiyependa maneno mengi, alikuja kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Shule sikuiona. Namba nilizijulia kwenye futi ya kitambaa, na herufi alinifundisha huyo huyo Jicho alipokuwa darasa la tatu, daftari lake likiwa juu ya meza ya cherehani yangu.

"Mama mdogo," alisema, "nguo za wapambe utashona wewe. Wako sita. Na uso wangu nitajipaka mwenyewe."

"Mama yako anajua?"

"Hajaniuliza."

"Utamwambia lini?"

"Akiniuliza."

Dada hakuwa na haja ya kuuliza. Alikwishawatangazia wateja wake wote kwamba atampamba mwanawe kwa mikono yake, na kwamba wapambe watavaa rangi ya waridi iliyopauka. Nilipolisikia hilo nilisimamisha cherehani. Harusi ya mtu mwingine, mikono ile ile. Nilijiambia kwamba huyu mikono hiyo haitampata, kisha nikajicheka, maana sikuwa na uwezo wowote wa kuzuia. Nilikuwa na mkasi tu.

Nikaanza kumtazama Jicho akijipanga. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Alikuwa na daftari la kurasa mia. Kila mpambe alikuwa na ukurasa wake, na kwenye ukurasa vipande vya vitambaa vimebanwa kwa pini, na kando ameandika saa: saa tatu asubuhi, saa sita, saa kumi. Nilimuuliza saa za nini. Akasema kitambaa cha asubuhi si kitambaa cha jioni, na harusi inaanza saa tano na kuishia saa kumi na mbili, kwa hiyo lazima ajue kitakavyokuwa muda wote huo.

Usoni kwake alifanya vile vile. Alipata makopo manne ya krimu ya msingi, ile inayotangulia poda, akachora mistari minne kwenye taya, si nyuma ya mkono kama wanavyofanya madukani, kisha akaenda nayo kazini. Nilikuwa nimempelekea chakula siku hiyo, nikasikia mafundi.

"Jicho, umeanza kupigwa lipu?"

"Huu ni mkono wa kwanza wa rangi," alisema bila kuinua kichwa. "Wa pili kesho, ukitaka kuja kushika ngazi."

Walicheka. Yeye alitoka mlangoni na kioo kidogo, akajitazama taya juani, akaandika kitu. Saa moja baadaye alitoka tena. Nilimwambia si amekwishaona. Akanijibu kwa upole kama anayemfundisha mtoto. "Rangi mbichi inadanganya, Mama mdogo. Ikikauka ndiyo inasema." Kati ya makopo manne hakuchagua hata moja. Alichanganya la pili na la nne.

Siku moja alituita wote ukumbini, ukiwa mtupu, viti vimepandanishwa. Alimbembeleza mlinzi awashe taa zote. Wapambe walijipanga ukutani, yeye akapita na vitambaa akiviweka chini ya kidevu cha kila mmoja. Waridi ya dada iliwapendeza wawili na kuwazima wanne. Kijani nilichokipenda mimi kiligeuka tope chini ya zile taa za manjano. Kisha akatoa kipande cha rangi ya kutu. Kwangu mimi kutu ni kitu cha kusugua kwenye mkasi. Alikiweka kwa rafiki yake wanayemwita Twiga, mrefu, mweusi kutuzidi sote, na ngozi ya yule binti ikawaka kama mtu ameleta taa karibu. Akakiweka kwa yule mweupe kabisa. Ikawa vile vile. Akakiweka kwa wote sita, na kila alipopita nyuma yake palibaki uso umeamka.

Nimeshika vitambaa tangu nina miaka kumi na minne. Nilivuta kiti kimoja nikakaa.

"Rangi ya kutu?" dada alisema. "Watu watauliza wapambe mmewaacha nje kwenye mvua."

"Mama, mimi mniache huko huko nje," Twiga alijibu, akijigeuza kwenye kioo cha ukutani, na hata mlinzi akacheka.

Dada hakucheka.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jora la kitambaa cha kutu tulilonunua lilikuwa linatosha nguo sita kama ningekata sketi za kawaida. Mimi nilitaka fahari. Nilikata sketi za mwavuli, zile za kumeza kitambaa, na baada ya nguo ya tatu jora likaisha. Nikarudi dukani, nikapata jora jingine, lebo ile ile, namba ile ile. Jicho alikuwa ameniambia tangu mwanzo: "Ukiongeza kitambaa, kitoe kwanza juani." Siku ile kulikuwa na mawingu na nilikuwa na haraka. Nilikitazama chini ya taa ya cherehani, nikaona ni kile kile. Nikashona.

Siku tatu kabla ya harusi wapambe walikuja uani kwangu kujaribisha. Ilikuwa asubuhi, jua kali. Walipotoka wote sita wakasimama pamoja, nikaliona kosa langu. Tatu zilikuwa kutu. Tatu zilikuwa zimeingia wekundu, kidogo tu, lakini wakiwa bega kwa bega hata kipofu angeuliza.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Aliziangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Umelipiza," alisema, taratibu kabisa.

Aliuweka mkoba wake mapajani.

"Miaka yote hii nilijua siku moja utalipiza. Kumbe ulikuwa unamngoja mwanangu."

Jicho alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la Twiga, pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini, akasema bila kugeuka, "Alipize nini, Mama?"

Dada alitazama ukuta. Akatazama mkoba wake. Akasema ana mteja anamsubiri saluni, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimeloa jasho mpaka kiunoni. "Sikufanya kusudi," nilisema.

"Najua, Mama mdogo. Anayefanya kusudi hatoki jasho hivyo." Akasimama, akaziangalia zile nguo akiwa amebana macho kama anavyoziangalia kadi zake za rangi. Nilitegemea machozi. Akacheka kidogo. "Hii hutokea dukani kila wiki. Ndoo mbili, namba moja, siku tofauti. Fundi mbaya anaziunganisha katikati ya ukuta na kila anayeingia anaona mstari. Fundi anayejua kazi anamaliza ndoo ya kwanza mpaka kwenye kona, ndipo anafungua ya pili. Kwenye kona mwanga unageuka wenyewe. Hakuna anayeuliza."

"Na harusi ina kona wapi?"

Alianua shuka langu jeupe kwenye kamba, akajitanda mabegani, akawapanga watatu wa kutu kushoto kwake, watatu wa wekundu kulia, akasimama katikati. "Mimi ndiyo kona," alisema.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani. Nilikata nguo zile kwa mkono wangu, nilijua kosa lilipo, nikalitafuta, sikuliona. Upande mmoja ulikuwa kama unapata jua na mwingine kivuli, basi. Huyu mtoto nilimwona akilia juu ya kochi na kalamu ya nta.

Asubuhi ya harusi tulikuwa sebuleni kwa dada. Alikuja na sanduku lake la saluni na kioo, akaweka kiti katikati, akakigeuza kikipe kioo mgongo. Nilikutambua kule kugeuza. Jicho aliingia na kanga kifuani, uso umeoshwa, akakishika kiti kwa mkono mmoja, akakigeuza kielekee dirisha.

"Mama, nishikie kioo," alisema.

"Na mimi nipake saa ngapi?"

"Wewe nishikie tu, Mama. Inua kidogo. Hapo."

Dada alishika. Sijui ni kwa nini alikubali. Labda kwa sababu wapambe sita walikuwa wanatazama. Alisimama na kioo kwa mikono miwili karibu saa nzima, na mwanawe akajipaka mbele yake bila papara: msingi kwa sponji, akingoja kila mara ukauke, wanja, rangi kidogo ya mdomo iliyochukua kutu ya nguo za wenzake. Alipomaliza hakuwa mtu mwingine. Alikuwa yeye, kama siku aliyolala vizuri na kuamshwa kwa habari njema.

"Mama mdogo, zamu yako," alisema. "Mama, usishushe kioo."

Alitoa kikopo kisicho na lebo. Nikamwambia mimi sijawahi kupimwa, atajuaje.

"Huwa unasinzia kwenye cherehani baada ya kula. Nimekupaka nyuma ya sikio mara nne."

Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Sikufumba macho, nilitaka kuona kila kitu. Na nilichokiona kwenye kioo alichoshika dada yangu ni uso na shingo vya mtu mmoja. Mwanamke wa makamo, mweusi, mzuri. Sikujua. Nyuma ya kioo alikuwa dada, na nyuma ya dada, ukutani, ilikuwa ile fremu ya dhahabu. Alinitazama mimi, akageuza kichwa kuitazama picha, akanirudia. Midomo yake ilifunguka. Nilingoja. Nadhani hata Jicho alingoja, maana brashi ilisimama hewani.

Gari likapiga honi.

"Gari limefika," dada alisema, akashusha kioo.

Ukumbini hakuna aliyeona nguo ni za majora mawili. Mama mmoja, muuza mboga ambaye amekuwa akiniita lile jina tangu ujana wetu, alikuja na mkono umenyooshwa na utani umeshafika mdomoni, akanitazama, akasema tu, "Wewe ni mama mdogo wa bibi harusi, siyo? Mmependeza." Kisha akakaa chini.

Jicho sasa ana mwaka kwake. Picha ya siku ile iko juu ya cherehani yangu. Ile nyingine bado iko sebuleni kwa dada, kwenye fremu yake.

Simdai kitu mumewe Jicho, wala Jicho, wala wapambe. Anayedaiwa ni mmoja. Swali aliulizwa na mwanawe wa kumzaa, asubuhi, uani kwangu, mbele ya mashahidi sita: alipize nini? Kila Alhamisi napita mbele ya saluni yake nikienda kununua uzi. Viti ni vile vile viwili. Namwamkia, anaitikia. Jibu la lile swali bado hajanipa.