Walioacha Kwenda kwa Mwalimu Lukresia

Kwa miaka tisa, mwanafunzi aliyegombana na mwenzake katika sekondari moja ya Nkololo alijua pa kwenda: kwa Mwalimu Lukresia. Aliwakalisha wagomvi benchi moja, akawaacha wanuniane mpaka wachoke, ndipo akawauliza. Wengi waliondoka wakicheka.

Januari akaletwa Mwalimu Mahona, kijana wa jiografia. Yeye aliwatembeza wagomvi kuuzunguka uwanja wa mpira, na mara nyingi walirudi wamepatana. Kufikia Pasaka hakuna aliyekuja tena kwa Lukresia.

"Mwangaluka, mayu," Mahona alimwamkia kila asubuhi kwa Kisukuma, kama mama yake. Heshima hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

Siku moja Lukresia aliwaona Martha na Nyanjige wakienda uwanjani na kijana huyo. Walikuwa hawasemezani tangu Martha alipoazima sketi ya Nyanjige akairudisha imeungua kwa pasi. Martha, aliyekuwa kama mwanawe tangu kidato cha kwanza, alimpita bila hata kugeuza shingo. Lukresia akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.

"Simsemi mtu vibaya," alisema, "ila kijana wa kiume kutembea na mabinti baada ya vipindi, wazazi watatuelewaje?"

Kesho yake Mahona akakatazwa, na wasichana wakapelekwa kwa Lukresia kwa amri. Walijibu "ndiyo, mwalimu", wakapeana mikono, wakaondoka. Jioni walipigana bwenini, Martha akachanwa shavu.

Lukresia alimsafisha jeraha mwenyewe. "Mbona hukuniambia kuwa hamjapatana?"

"Ulikuwa hutusikilizi, mwalimu. Ulikuwa unaangalia uwanjani."

Asubuhi alirudi kwa mkuu. "Yale niliyosema juu ya Mahona yalikuwa wivu. Sijaona baya lake."

"Basi kamwambie mwenyewe," mkuu alisema.

Alimwambia, wamesimama ofisini kwa walimu. Mahona alikusanya madaftari yake akatoka, na kwa wiki mbili hakumwamkia.

Lakini mkuu alipomruhusu, aliwachukua tena Martha na Nyanjige. Lukresia aliwaona kupitia dirisha: walitembea wametengana, kisha wakakaribiana, mwisho wakaketi kwenye nyasi wakizungumza. Alifurahi kwa ajili yao. Roho ilimuuma vilevile, akavuta kiti akaanza kusahihisha mitihani.