Lenzi ya Kogo Rael

Siku ya kwanza kazini, miaka ya tisini hiyo, Sista Msimamizi wa wodi ya macho aliniambia, "Wewe unajua Kipsigis na mdomo haufungi. Utakuwa mtafsiri." Na mimi nilikuja kufagia! Cheti yangu ni ya darasa la nane.

Kazi ilikuwa hivi. Mtoto wa jicho ni kama ukungu ndani ya jicho. Daktari anautoa, anaweka lenzi ndogo kama punje ya dengu. Ya kawaida inaona mbali. Ya karibu utavaa miwani. Halafu Daktari Mgeni akaleta zingine mpya, ziko na miviringo ndani, zinaona mbali na karibu pamoja. Lakini taa inazungukwa na pete, na kukiwa na ukungu vitu vinafifia. Sasa gani ni mzuri? Kila mgonjwa nilimweleza zote, na kila mara tulitoka hapo tumechanganyikiwa wawili.

Siku moja ikabaki moja tu ya miviringo. Daktari Mgeni akasema, "Ni ya huyu nyanya. Anachuna chai, lazima aone majani mawili na chipukizi. Miwani itajaa mvua."

Nyanya mwenyewe, Kogo Rael wa Sosiot, akacheka. "Kijana, mwambie chai inachunwa na vidole. Macho ni ya kuchungulia jirani."

Daktari hakuamini. Tukampeleka kwa shamba la chai nyuma ya wodi. Kogo akafunga macho kabisa, mikono ikakimbia. Majani mawili na chipukizi, kila mara.

"Sasa unataka kuona nini?" Daktari akauliza, amechanganyikiwa kuliko mimi.

"Ile trakta nyekundu ya kubeba majani ya chai. Asubuhi napita barabara ya estate ndani ya ukungu. Juzi imenikosa kidogo tu. Taa ikiwa na pete, nitajuaje imefika wapi?"

Daktari akakuna kichwa, akamwekea ya kawaida. Ile ya miviringo ilienda kwa fundi wa nguo wa Kapsoit, na mpaka leo anatunga uzi kwa sindano bila miwani, akitukana taa za stima.

Bandeji ilipotoka, Kogo alisimama dirishani, akaangalia ng'ambo ya bonde. "Ile nyekundu," akasema. "Inapanda. Bado iko mbali."

Nimestaafu, ingawa mdomo umekataa. Watu bado wananiuliza lenzi gani ni mzuri. Sijui. Nawauliza tu, asubuhi unapitia wapi?