Nilimfukuza Shemeji kwa Kumtetea Rais Asiye Wangu

Kosa ni langu, usinitafutie kisingizio. Nimeuvunja ukoo wetu kwa kumtetea rais wa nchi ambako hata kura sipigi.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alizaliwa huku kwetu Ngara, kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, wazazi wake walipokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Kambi ilipofungwa walirudi kwao. Yeye alikuja tena ukubwani, akamwoa dada, akalima na baba yangu kama mtoto wa kumzaa.

Halafu huko kwao rais akagombana na bunge. Rais alitaka fedha za kujenga upya vijiji vilivyochomwa vitani zipitie ofisini kwake. Wabunge wakagoma, wakasema wao ndio waamue nani ajengewe kwanza. Redio haikuwa na habari nyingine. Mimi nikawa wa rais, shemeji akawa wa bunge.

Siku ya kumaliza matanga ya baba tuliketi kuzunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Kwetu wanaokunywa chungu kimoja ni ndugu. Ukiuchomoa mrija wa mwenzako, umemtoa kwenye ukoo.

Nikaanza uchokozi. "Rais wenu anataka kuwajengea, wabunge wenu wanataka posho."

"Shemeji, anawajengea waliompigia kura. Kwa baba yangu hata msingi hauonekani."

"Kwa hiyo umekuja kulilia kwetu?"

"Nakujibu tu, shemeji. Wewe ndiye uliyeanza."

Wazee wakacheka, na kicheko kile kilinichoma. Nikauchomoa mrija wake, nikautupa majivuni. "Kanywe kwa wabunge wako. Mkimbizi hana chungu kwa baba yangu."

Pale pale vicheko vikakatika. Aliinuka, akamuaga mama kwa heshima, akaenda zake. Wiki hiyo hiyo dada akamfuata na watoto. Wakavuka mpaka, wakaishi chini ya turubai kwenye kiwanja cha wakwe, maana rais na bunge walikuwa bado wanavutana.

Nikajiambia njaa itawarudisha. Tena niliwaombea hiyo njaa. Niliomba ugomvi wa huko usiishe, shemeji aone wabunge wake walivyo bure. Mungu anisamehe, kulikuwa na wapwa zangu chini ya lile turubai.

Mwisho wakubwa wakapatana. Mabati yakagawiwa, hata kilima cha kina shemeji, kama wanavyoviita vijiji vyao, kikapata. Mama alipozidiwa nikaenda kumwita dada. Alinisimamisha mlangoni pa nyumba yake mpya.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama anaumwa, anakuulizia. Rudini nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Mama nitakuja kumwona, ila siku hiyo wewe usiwepo."

Ndugu msomaji, wakubwa wakigombana wasikilize, kisha zima redio ukale na watu wako. Wao walipeana mikono mbele ya kamera. Dada alikuja Jumapili, na mimi nilishinda stendi ya Ngara kama abiria aliyekosa basi, nikisubiri aondoke nirudi kwa mama yangu.