Kicheko cha Mzee Remigius

Baba yangu, Mzee Remigius wa Kibosho, hakuwa akicheka kama watu wengine. Alikuwa akitoa kimoja, "He!", ananyamaza, unadhani kimekwisha, mara cha pili hicho, cha tatu, mpaka anafuta machozi kwa kofia. Kanisani mama alikuwa akimfinya ubavuni: "Baba Pamela, inatosha!" Mabega yale yakitikisika kwenye benchi, nayakumbuka hadi leo.

Mwaka jana alipata kiharusi. Miguu ilirudi, maneno yakarudi kidogo kidogo. Kicheko hakikurudi.

Mimi, huyo Pamela mwenyewe, nafundisha hesabu chuoni mjini Moshi. Natafiti seli za ubongo, zinazopiga mipigo midogo ya umeme. Saa ya mpigo haijulikani, ni bahati tu. Ila kila mpigo huongeza uwezekano wa mwingine kufuata upesi, kisha uwezekano huo hufifia. Nikichora, vinatokea vijistari vilivyosongamana, halafu pengo, halafu vingine, nami namwona baba kanisani. Lakini mpigo ule wa kwanza hujitokea tu, bila kuitwa na mwingine, na hapo ndipo hesabu yangu inaponiudhi. Nilimsimulia baba vichekesho vyote vya zamani. Alinitazama kwa huruma tu.

Krismasi tukapanda nyumbani, tukachinja mbuzi. Kidari ni cha baba. Kwetu anapelekewa kizima, akikate mwenyewe mbele ya watu. Tito, mume wa mdogo wangu, mtu wa Mtwara, ndiye aliyeachiwa jiko. Kwa wema wake akakikatakata vipande vidogo, kama vya mtoto anayeota meno, akavichanganya kwenye ndizi.

"Shikamoo baba. Nimekulainishia," akasema, akimpa bakuli kwa mikono miwili.

Tukaganda wote. Mama akajifunika uso kwa kanga. Baba akachungulia bakuli, akamtazama Tito, akachungulia tena.

"He!"

Kimya. Nikahesabu sekunde. Kisipofuata cha pili sasa hivi, hiki nacho kitazimika.

"He!" Kisha kingine, na kingine, mabega yakitikisika kama zamani, kofia ikapanda machoni. Tito naye akacheka, bila kujua tunachekea nini.

Mama akasogea hadi kwenye kiti cha baba. Mkono ukaenda ubavuni, palepale alipozoea kumfinya. Hakufinya. Aliuweka tu pale.

"Endelea, Baba Pamela," alisema huku analia. "Endelea."