Jina Lililosomwa Katika Misa

Maman Constance alikuwa barazani akichambua maharagwe pale Firmin, mlinzi wa lango, alipomjia akicheka.

"Maman Constance, vala kikwembe ya feti! Kuko kijana mumoja kwa mulango anakutafuta. Nazani ni fiancé, muchumba wako."

"Anatoka wapi?"

"Nyantende."

Ungo ulimponyoka, maharagwe yakatawanyika sakafuni.

"Ulimuambia nini?"

"Nilimuambia uko. Si anakuya kusalimia? Huku hatupatake bageni kila siku, Maman."

Constance aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Kwa miaka minne hakuna mtu wa Nyantende aliyejua kama yuko hai, sembuse kwamba yuko Bagira, katika nyumba ndogo ya wazee inayotunzwa na masista. Kila asubuhi aliamka mzima kwa sababu hiyo tu: hawakujua alipo.

Kule kijijini alikuwa mjane wa Zagabe, mkulima wa mihogo, mwanamke ambaye watoto wake wote walimtangulia kaburini. Mwaka ule watoto watatu wa jirani walikufa ndani ya mwezi mmoja. Vijana wakamwita mujakazi, mwanamke wa maombi anayezunguka vijiji akionyesha kwa kidole nani ni mchawi. Kidole kikamwelekea Constance. Wakauliza kama yupo mtu wa ukoo wa kumtetea. Jeanine, mke wa shemeji yake, ambaye alilima naye shamba moja kwa miaka thelathini, akatazama chini. Vijana walikuwa wamekwisha leta kidumu cha petroli. Constance alitorokea nyuma ya nyumba, akapita katikati ya migomba, akatembea kwa miguu mpaka mjini. Wiki nzima alisikia harufu ya petroli katika nguo zake, ingawa haikuwahi kumgusa.

Wamejuaje?

Kisha jibu likamjia. Jumapili iliyopita aliomba misa kwa ajili ya marehemu mumewe. Kwenye karatasi aliandika kama wanavyoandika wote: kwa ajili ya Zagabe, imeombwa na mke wake Constance, wa nyumba ya wazee Bagira. Mjane asipotaja jina lake, watu husema marehemu ametupwa. Padri alisoma yote, na misa ile hurushwa na redio ya parokia hadi nyuma ya vilima. Naye alikaa benchi ya tatu, amefurahi.

Sista Gisèle, mkuu wa nyumba, aligonga. "Maman, anaitwa Akonkwa. Nimuambie aende?"

Akonkwa, mtoto wa Jeanine. Siku ile naye alikuwa uani. Constance alijaribu mara nyingi kukumbuka mikono yake ilishika nini, lakini hakuwa ameiona.

"Akienda atarudia na benzake. Bako bangapi?"

"Yeye na maman mumoja muzee. Amefunika uso. Hana hata viatu."

Constance alitoka chumbani. Akasimama mbali kidogo na lango la vyuma.

"Asinge, mama mukubwa," kijana alisalimia, kofia mkononi.

"Usiniite vile. Munakuya kunimaliza?"

"Hapana. Bamemuonyesha mama kidole, eti ni muchawi. Jana, mbele ya batu bote."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alishusha kitambaa. Alikuwa Jeanine, mdomo umevimba upande mmoja.

"Ile siku yangu," Constance alimuuliza kijana, "ulibeba nini?"

Akonkwa alikunjakunja kofia. "Kidumu, mama mukubwa."

Hata Firmin aliacha kutabasamu.

"Na redio, nani alisikia?"

"Bote. Njo maana tulijua kwenye uko."

Sista Gisèle alisema polepole kwamba kitanda kilichobaki cha kumpokea Jeanine ni kile cha pili chumbani kwa Constance, na kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu. Constance alitazama barabara inayopanda kutoka mjini. Wanaomtafuta Jeanine wangefuata nyayo zake mpaka hapa. Lakini hapa palikuwa pamekwisha kutajwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyepataja.

"Fungua," alisema. "Yeye aingie. Huyu kijana abakie inje."

Jeanine alipita langoni bila kuinua macho. Chumbani hakugusa kitanda alichoonyeshwa. Aliburuta kiti, akakiegemeza kwenye mlango, akakikalia.

"Nisamehe, Constance."

"Nyamaza kwanza. Sikiliza."

Pikipiki ilikuwa inapanda mlima, ikapunguza mwendo karibu na lango. Constance aliketi sakafuni kando ya kiti, naye akaegemeza mgongo wake kwenye mlango, wakangoja wote wawili wajue kama itapita.